Mwandishi Anaweza Kunyamaza, Mchoraji Hawezi

Sentensi ya mwandishi wetu ni hii: "Tarishi aliondoka Bagamoyo na barua, akashika njia ya Tabora." Mtoto wa miaka tisa ataielewa bila shida. Mimi ninayetakiwa kuichora ndiyo kwanza naanza kuuliza. Tarishi amevaa nini? Ana viatu au yuko peku? Barua ameibeba vipi hata jasho lisiiharibu? Yuko peke yake au ana wenzake? Mwandishi anaweza kuyapita yote hayo na hakuna atakayemdai. Mimi nikichora mtu lazima nimpe miguu, na miguu hiyo ama ina viatu ama haina.

Nachora kitabu cha watoto kuhusu historia ya mawasiliano, tangu michoro ya mapangoni hadi simu za mkononi, na jambo hilo limenishughulisha kuliko rangi, kuliko karatasi, kuliko hata tarehe ya kukabidhi kazi. Kwenye kitabu cha hadithi sungura huvaa koti na fisi akapanda baiskeli, na kila mtu akafurahi. Kitabu cha maarifa kina ahadi ndani yake: mtoto anaambiwa kwamba mambo yalikuwa hivi. Anaiamini picha kabla hajasoma neno lolote. Sentensi huenda akaisahau mwakani, lakini picha atakua nayo. Kwa hiyo kila mstari ninaoupiga unadai kitu, hata ule wa pindo la nguo.

Swali la barua lilipata jibu zuri. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na ya Kati wapeleka barua walikuwa wakipasua ncha ya fimbo, wanaibana barua kwenye mpasuko, kisha wanatembea nayo imeinuliwa juu. Jasho halikuifikia, na kila waliyekutana naye njiani alijua wamebeba nini. Katika mchoro wangu karatasi ile ndiyo kitu cheupe kuliko vyote ukurasani. Miguu nimeiacha peku, kama ilivyo kwa wabebaji wengi wanaoonekana katika picha za misafara ya zamani.

Kabla sijaanza nilikusanya vitabu vya watoto vya aina hii vilivyotoka nje. Ni vitabu vizuri, vimechorwa na watu wanaoijua kazi yao, na nimejifunza mengi kwao. Lakini vingi vinapanda ngazi ileile: pango, moshi, njiwa, Gutenberg wa uchapaji, Morse wa telegrafu, Bell wa simu, setilaiti. Afrika inapewa ngoma moja mwanzoni, halafu inapotea kwa kurasa nyingi, mpaka inaporudi mwishoni na mchungaji mwenye shuka jekundu na simu sikioni. Mtoto wa Mbagala au wa Kigoma akikifunga kitabu hicho, ameelewa kwamba babu zake walipiga ngoma, wakanyamaza, wakakaa kungoja kuletewa simu. Hakuna mwandishi aliyeiandika sentensi hiyo. Ni michoro ndiyo iliyoisema.

Ngoma yenyewe nayo huchorwa ovyo. Mara nyingi ni ngoma ya kuchezea, na mpigaji amefungua mdomo kwa shangwe. Mimi nimewachagua Walokele, wanaoishi kando ya Mto Kongo karibu na Kisangani, kwa sababu ngoma yao ilisema maneno hasa. Ni gogo moja lililochimbwa ndani kupitia ufa mrefu, na mdomo mmoja wa ufa ni mnene kuliko mwenzake. Ukipiga upande huu unapata sauti ya chini, ukipiga ule unapata ya juu. Lugha yao ni ya toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana, na ngoma huchukua kupanda na kushuka huko tu, bila konsonanti wala vokali. Sasa, maneno mengi yana toni zinazofanana, msikilizaji atajuaje ni lipi? Mpigaji hulirefusha neno mpaka lisichanganyike na jingine. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu na kujifunza kuipiga ngoma hiyo, aliandika kwamba mwezi ulipigwa kama "mwezi unaoitazama dunia kutoka juu", na kuku kama "kuku, yule mdogo asemaye kiokio".

Kwa hiyo mpigaji wangu hacheki. Anafikiri, maana anatunga sentensi. Nimemchora usiku, mto umetulia mbele yake, na juu ya maji nimepitisha mistari miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, nukta zikiruka kati yake hadi ng'ambo ambako mtu ameinua kichwa kusikiliza. Dada mhariri aliuliza kwa nini huyu wa ng'ambo ni mkubwa kuliko mpigaji. Nikamwambia ujumbe usio na wa kuupokea ni kelele tu, na kitabu hiki kina vyombo vingi mno vinavyoelekea kumfunika mtu anayengoja. Alikubali.

Kiswahili hakina toni za namna hiyo, na pwani yetu ilifuata njia nyingine: chombo kiite, mtu aseme. Mbiu ya mgambo ikilia watu hutoka nje, ndipo mpiga mbiu anapotoa maneno. Siwa, baragumu kubwa la watawala, ilisema mambo ya enzi. Siwa ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zimenichukulia muda mrefu, kwa sababu ni kazi za sanaa zinazotaka heshima ya sanaa, nakshi kwa nakshi. Na kuna jambo moja ambalo mchoraji akilikosea ameharibu kila kitu: siwa ya pembe hupulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Ukimweka mpulizaji nchani umechora tarumbeta ya jeshi la Ulaya.

Kurasa za uchapaji nimezipita haraka, maana watoto watakutana nazo kwingine. Bi Sheng wa China na herufi zake za udongo za miaka ya 1040, Wakorea waliochapa kitabu kwa herufi za metali mwaka 1377, na Gutenberg wa Mainz katikati ya karne ya 15, wote watatu wamekaa ukurasa mmoja, wana kimo sawa. Nafasi niliyoiokoa nimeipa Zanzibar ya mwaka 1888, pale Kiungani, ambako chuo cha wamisionari wa Kianglikana kilianza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Nimechora kijana anapanga herufi za madini ya risasi kwenye kijisanduku chake. Herufi za chapa hukaa kinyume, kwa hiyo maneno yote mikononi mwake nimeyaandika kinyume, na mtoto atahitaji kioo ili ayasome. Naupenda sana ukurasa huo.

Lakini kuandika kwetu hakukuanza na chapa wala na wamisionari. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu zipo hadi leo katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Zilikuwa barua za siasa, zikienda kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Nilizichora kabla ya ukurasa wa chapa, na sikumzungushia mwandishi wake mitende na machweo. Nimemweka na kalamu ya tete, wino na karatasi, mtu mwenye shughuli za nchi anayemwandikia mtu mwingine mwenye shughuli za nchi.

Sehemu iliyonishika kuliko zote ni safari ya habari moja. Mei 1873 David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Hapakuwa na waya wa kuipeleka habari hiyo, basi ilitembea kwa miguu. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili juani, wakauvika gome la mti na turubai, wakauchukua zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Palipokuwa na watu wasiotaka maiti ipite kwao, waliufunga mzigo uonekane robota la nguo. Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London.

Picha za zamani za safari hiyo ninazijua: migongo imeinama, nyuso ni vivuli, mzigo ndio wenye mwanga. Niliposoma habari za Jacob Wainwright niliamua picha yetu ianzie kwake. Alikuwa ameachiwa huru kutoka utumwani, akasomeshwa Nasik, India. Yeye ndiye aliyesoma sala za maziko pale Chitambo, akachonga maandishi kwenye mti uliozikiwa moyo wa Livingstone, na aliandika shajara ya safari ambayo ipo mpaka sasa. Yaani katikati ya msafara ule alikuwamo mtu anayeandika, na karne nzima ya michoro imemnyang'anya kalamu. Nimemrudishia. Amekaa chini ya mti, daftari gotini, na nyuma yake kambi inapika. Halima, mpishi wa Livingstone, naye yumo, amesimama karibu na moto akiwa na uso wake kamili.

Uso kamili una gharama yake, maana hatujui sura za wote. Wapo waliopigwa picha, kama Chuma, Susi na Wainwright, na kwa hao nilifuata picha. Kwa wengine nilijiwekea sharti: mtu nisiyejua sura yake nitampa sura ya mtu, si ya aina ya watu. Nilikaa kituo cha daladala na daftari langu nikichora nyuso, na nyuso hizo ndizo zilizoenda Bagamoyo.

Kisha nguo. Ukichora Bagamoyo ya 1874, mkono unakwenda wenyewe kuwavalisha wanawake kanga zenye maandishi, kwa kuwa ndivyo tunavyoijua pwani. Lakini kanga zilienea miongo iliyofuata. Mwaka 1874 ni wakati wa kaniki, na wa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Kwa hiyo umati wangu wa Bagamoyo umevaa buluu iliyoiva na nyeupe ya maziwa. Nilihofia ukurasa utapooza. Ukawa ndio wenye utulivu kuliko zote, na habari ya msiba inaupenda utulivu huo.

Miaka mitano baadaye bahari ilipata waya. Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu pale Isandlwana, na habari ikafika London baada ya siku 20. Serikali iliyozoea kujibiwa upesi na India haikuvumilia, na kabla mwaka haujaisha waya wa telegrafu ulikuwa umelazwa chini ya bahari kutoka Durban, kupitia Msumbiji na Zanzibar, hadi Aden, ukaungana na nyaya za kwenda Ulaya. Shaba ndani, utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini Mashariki ukiizunguka, chuma nje. Nimechora kipande chake kimekatwa ili tabaka zote zionekane. Ukurasa wa pili, bahari ileile, nimechora waya wa nyuzi za kioo uliofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009. Umetimia miaka 130, na samaki nimewachora walewale. Watoto wengi hudhani intaneti inatoka angani. Ningependa wajue kwamba video wanayoitazama imepita chini ya jahazi.

Kanga basi imepata sura yake mahali pake. Huwezi kuandika historia ya mawasiliano ya pwani ukaiacha, na hapo ndipo nilipokubali kabisa kwamba mchoraji hana ruhusa ya kunyamaza. Mwandishi akisema "wanawake walikuwa wamepanga foleni posta", amemaliza. Mimi nikichora foleni hiyo nina kanga sita, na kila kanga ina jina, na kila jina linasema. Nikiliacha tupu nimedanganya. Nikilijaza mistari ya ovyo inayofanana na herufi nimedanganya zaidi, tena mbele ya watoto wanaojifunza kusoma. Nikamwendea mama yangu mdogo, ambaye sanduku lake la kanga ni maktaba. Nikamwonyesha mchoro wa mwanamke wa mbele anayengoja barua ya mumewe.

"Huyu mwingi wa subira," alisema. "Mpe Wastara Hasumbuki. Na huyu nyuma yake ni nani?"

"Mama mkwe wake."

"Basi angalia mwanangu, usije ukampa jina la mafumbo. Watu watafikiri wamegombana."

Kila jina kwenye foleni ile amelichagua yeye. Kwenye kurasa za mwanzoni mwa karne ya 20 majina ya kanga nimeyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama yalivyokuwa yakiandikwa, na pembeni nimeweka duka la Mombasa la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ambalo hadi leo kanga zake hutambulika kwa alama ya "Mali ya Abdulla".

Ukurasa wa Majimaji, vita ya kuupinga utawala wa Wajerumani, tuliujadili sana. Swali la mhariri lilikuwa la haki: vita iliyoleta njaa na vifo vya watu wengi kiasi kile inakaaje katika kitabu cha mawasiliano cha watoto? Ninaona lazima ikae. Habari ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake, yaliyoaminiwa kukinga risasi, ilienea kwa kunong'onezana, kijiji kwa kijiji, katika nchi iliyokuwa na maboma na nyaya za telegrafu za Wajerumani. Na mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete katika nchi ya Wamatumbi, tangazo la vita lilitolewa bila barua wala ngoma: watu waliingia katika shamba la pamba waliyolazimishwa kulima, wakaing'oa. Mtawala alielewa. Kila mtu alielewa.

Nimechora mkono, shina la pamba na mizizi yenye udongo unaodondoka. Hakuna bunduki ukurasani. Mwandishi ameeleza kwa maneno machache kilichofuata, kwamba Kinjikitile alinyongwa mapema Agosti na kwamba vita na njaa yake viliwaua watu kwa makumi ya maelfu. Kuna aliyependekeza niweke tabasamu la ushujaa kwenye uso wa mng'oaji. Uso sikuuchora kabisa. Nawaheshimu mno watu wale siwezi kuwakisia furaha.

Redio ilikuja kirahisi, labda kwa sababu nimeikuta nyumbani. Najua jinsi betri zilivyoanikwa juani zipate nguvu za taarifa ya habari ya jioni. Lakini sikutaka redio ya mtu mmoja. Nimechora mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio moja juu ya kigoda, watu wameizunguka, na majembe yameegemezwa ukutani yakingoja kipindi kiishe. Nadhani huo ndio mchoro unaoeleza redio ilikuwa nini kwetu kuliko picha yoyote ya mnara wa kurushia matangazo.

Simu za mkononi nimezipa nafasi ndogo kuliko mchapishaji alivyotarajia. Watoto wanazijua. Nimeweka kubipu, kwa kuwa kubipu ilikuwa ujumbe kamili usiogharimu hata senti na inaanza kusahaulika, na nimeweka kijana wa mjini anayemtumia mama yake pesa kijijini, jambo lililoanza Kenya mwaka 2007 kwa M-Pesa na likavuka mipaka upesi. Mama huyo amevaa kanga. Jina lake linasomeka.

Ukurasa ulio mezani wiki hii ni wa lugha ya alama. Rasimu ya kwanza ya matini haikuwa nayo, na ni mimi niliyeiomba. Kitabu cha mawasiliano kikizungumzia sauti, waya na maandishi tu, watoto viziwi watakuwamo darasani wakiwa nje ya kitabu. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilianzishwa Tabora mwaka 1963, na Lugha ya Alama ya Tanzania ina maneno na sarufi yake, tofauti na ile ya Kenya, ambayo imetajwa katika katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2010.

Mwalimu mmoja kiziwi anakuja kunisaidia, pamoja na mkalimani wake. Nilikuwa nimepanga safu ya mikono, mizuri, yenye mishale ya kuonyesha inaelekea wapi. Akaitazama, akaweka kiganja juu ya karatasi, akaniuliza nyuso ziko wapi. Akanifundisha kwamba nyusi, mdomo na mabega hubeba maana pamoja na vidole. Ishara ileile nyusi zikipanda huwa swali. Mkono uliokatwa kwenye kiwiko ni nusu ya neno.

Sasa ninachora wasichana wawili kutoka kiunoni kwenda juu, mmoja anauliza na mwingine anajibu, na mwalimu anasimama mbele yangu akirudia swali lile polepole mpaka nilipate. Kurasa mbili hazitoshi mazungumzo hayo. Nimeomba nne, na mhariri anatafuta pa kuzipunguza.